Mlango Usiomsubiri Kondakta

Jumatano, tarehe 9 Oktoba. Manyunyu tangu alfajiri, upepo wa baridi, jua halikuonekana hata mara moja.

Shemeji yangu alifanya kazi ya ukondakta wa basi kwa miaka ishirini na sita. Abiria walimpa jina la Bado-Mmoja, kwa sababu hata basi lijae vipi, yeye alimpigia dereva kelele, "Bado mmoja!" Alipostaafu, binti yao aliwalipia yeye na dada yangu safari ya siku nane kwenye mji wa ng'ambo, ambako hawakumjua mtu wala lugha. Haya nimeyasikia kwa dada, kisha nikayahakiki kwa shemeji, naye hakubisha.

Siku ya tatu, ndiyo Jumatano hiyo ya manyunyu, waliteremka kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi, waende kuona makumbusho. Treni ilipoingia, shemeji alikwenda mbele kumsalimu dereva, kama wafanyavyo watu wa kazi ile wanapokutana. Alikuta kioo kitupu. Hakuna mtu, hakuna kiti, hakuna usukani.

"Mama Pacha, gari hili halina dereva!" akamwita dada.

"Labda ameenda kujisaidia."

"Na kiti nacho kimeenda kujisaidia?"

Dada alimvuta mkono wakaingia. Yeye akakaa. Shemeji akasimama mlangoni, mkono mmoja juu kwenye chuma. Hakuna aliyemweka pale, miguu yenyewe ilimpeleka.

"Kaa bwana, leo si zamu yako."

"Nikikaa kwenye gari linalotembea nasikia kichefuchefu."

Kituo kilichofuata watu wengi walitaka kushuka. Shemeji akafanya alichofanya maisha yake yote: akashuka yeye kwanza, akasimama kando ya mlango, akawapisha. Mama mmoja alikuwa na kigari cha mtoto, akamshikia magurudumu ya mbele. Kisha akangoja wanaopanda wapande wote, maana kondakta hupanda mwisho, na gari haliondoki mpaka yeye agonge bati. Akainua kiganja agonge. Mlango ukajifunga mbele ya pua yake.

Akagonga. Akagonga tena, sasa kwa ngumi.

"Bado mmoja! Jamani, bado mmoja!"

Treni ikaondoka. Alichoona cha mwisho ni dada amesimama, kinywa wazi, viganja vyote viwili kwenye kioo.

Hapo ndipo alipokumbuka kilichokuwa kwenye koti lake. Simu yao moja waliyosafiri nayo. Tiketi zote mbili. Karatasi yenye jina la hoteli, jina ambalo dada hakuwahi hata kujaribu kulitamka. Dada alikuwa na pochi yenye leso na miwani ya kusomea, basi.

"Nilihisi damu imenikauka," shemeji aliniambia. "Nimempoteza mtoto wa watu kwenye gari lisilo na dereva. Nikirudi kwenu nitasema nini?"

Alimkimbilia mhudumu wa kituo, mwanamke mwenye sare na koti la mvua, akamweleza yote kwa Kiswahili bila kupumua. Mhudumu hakuambulia kitu. Shemeji akainua vidole viwili, akakunja kimoja, akachora kichwani kilemba alichovaa dada, akaonyesha shimo ambamo treni ilipotelea. Hapo mhudumu akaelewa. Akaelekeza kidole chini, akakanyaga sakafu mara mbili: baki hapa hapa.

Lakini treni nyingine ilikuwa imeshaingia. Shemeji akajitosa ndani.

Ilipokuwa ikipunguza mwendo kwenye kituo cha mbele, treni ya upande wa pili ilikuwa ndiyo kwanza inaondoka kurudi kule alikotoka. Katika dirisha lake la tatu aliona kilemba cha rangi ya chungwa. Dada alikuwa ameketi, anaangalia mbele. Wakapishana hivyo. Shemeji anasema alipiga yowe mpaka watu wakamwachia nafasi.

Alivuka akapanda ya kurudi. Safari ilimchukua dakika nne, kwa saa ya kituo. Akamkuta dada kwenye benchi, pembeni ya yule mhudumu, na maji kwenye kikombe cha karatasi.

"Ulikuwa wapi?" dada akauliza.

"Nilikuwa nakufuata."

"Unanifuata kwenda wapi, na mimi nimerudi? Nilishuka, nikavuka, nikapanda. Nilijua utakuwa hapa."

"Nisamehe, mke wangu. Nilikuwa nawapisha watu kidogo tu."

Dada hakuwa amelia mpaka dakika hiyo. "Miaka ishirini na sita nakungoja nyumbani umalize kuwabeba watu wa watu. Leo mara moja nimepanda mimi, na bado umewatanguliza wao."

Mhudumu akasogea kando, ingawa hakuelewa neno. Makumbusho hawakwenda. Walirudi hotelini kwa miguu, mwendo wa saa nzima, dada akitangulia.

Kesho yake asubuhi, Alhamisi, mvua ilikuwa imekatika. Shemeji aliteremka mapokezi kabla ya chai, akaomba kadi nyingine ya hoteli, akampa dada aitie kwenye pochi. Kituoni alipanda kabla ya watu wote, mkono wa dada ukiwa mkononi mwake, akakaa dirishani na kumweka dada upande wa njia. Milango ilipofunguka kituo kilichofuata, alitaka kuinuka awapishe watu. Akabana mikono chini ya mapaja, akabaki amekaa mpaka milango ikajifunga.