Damu Aliyozaliwa Nayo

Nilifundisha baiolojia sekondari miaka thelathini na moja, na ukali wangu ulijulikana shule nzima. Mwanafunzi akikosea kuandika himoglobini, aliirudia mara hamsini. Nayataja haya mwanzoni ili aibu yangu ipimwe vizuri. Mtoto wa mdogo wangu wa kiume alipougua, mie niliyejaza ubao kwa herufi za urithi nilikaa kwenye mkeka nyumbani kwa mama, Temeke, nikaamini kwamba mtoto amebemendwa.

Alizaliwa mnono, wa kike, na miezi mitano hakujua hata mafua. Alipoingia mwezi wa sita, wiki ileile alipoonjeshwa uji, mikono na miguu yake ikaumuka kama maandazi. Ukimgusa vidole alilia mpaka sauti ikakauka. Macho yakaingia umanjano.

Kwetu Pwani, mtoto aliyekuwa mzima akinywea ghafla na bado ananyonya, maelezo yake yapo tayari: mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa, na uchafu wa tendo hilo umemwangukia mtoto. Huko ndiko kubemenda. Mdogo wangu alikuwa Mtwara kikazi tangu mtoto ana miezi miwili, na aliye mbali hatazamwi. Macho yote yakamgeukia wifi yangu, fundi cherehani, mtu wa maneno machache.

Mama aliita kikao baada ya alasiri. Dawa ya kumwogesha mtoto ilishaandaliwa kwenye beseni, mizizi na majani, lakini mama alieleza sharti lake: haifanyi kazi mpaka mkosaji akiri kwa kinywa chake mbele ya wakubwa. Wifi alikana. Akaulizwa tena, akakana tena. Mtoto alikuwa mapajani mwake, analia, na mama akamwambia kwamba kinachomuua mtoto sasa ni ukaidi wake. Wifi alimtazama mwanawe, kisha akanitazama mie. Nadhani alingoja msomi wa familia aseme neno. Msomi alikuwa anatazama beseni.

"Ni mimi," alisema. "Nimekosa. Mwogesheni mtoto."

Tukamwogesha. Mdogo wangu alipelekewa habari kwa simu, na kabla ya Ijumaa wifi alikuwa kwao Segerea, yeye, mtoto na cherehani yake. Siku chache baadaye uvimbe ukashuka. Mama akasema dawa imejibu, nami nikaitikia.

Uvimbe ulirudi haujapita mwezi. Safari hii wifi hakumwita mtu, alimpeleka mtoto hospitali mwenyewe. Majibu yalipotoka akanipigia mie, kati ya watu wote. Alinisalimia shikamoo kama kawaida, akasema anaelezwa mambo ya kitaalamu, kama nina nafasi nikamsaidie kusikiliza. Nilikwenda.

Aliyetupokea alikuwa binti wa maabara, mdogo kuliko wanafunzi wangu wa mwisho. Mtoto ana sikoseli, alisema. Hiyo naifahamu: herufi moja mbovu kutoka kwa baba, nyingine kutoka kwa mama. Lakini ubishi wangu haukuniacha hata pale. Nikamuuliza, kama kazaliwa nao, miezi mitano alikuwaje mzima? Nilijua nimemkamata.

Hakukasirika. Alisema mtoto akiwa tumboni hatumii himoglobini kama yetu. Ana jeni nyingine kwa kazi hiyo, inayompa himoglobini yenye nguvu ya kuivuta hewa kutoka kwenye damu ya mama yake. Akishazaliwa, jeni hiyo inanyamazishwa kidogo kidogo, na ya ukubwani inashika zamu. Herufi mbovu iko kwenye hii ya pili. Kwa hiyo mtoto wetu aliishi salama kwa damu aliyozaliwa nayo, na ilipopungua ndipo ugonjwa ukajitokeza, wakati watoto wengi wanapoanza uji.

Nilitazama foleni ya pale nje, wazee, walinzi, kina mama na mabeseni yao. Kila mmoja wao aliwahi kubadilisha damu yake yote akiwa mchanga, bila homa, bila kuamriwa na mtu, na hakuna anayekumbuka. Mie pia. Nilifundisha herufi zile kana kwamba zinasema zote kwa pamoja, kumbe kila moja ina wakati wake wa kusema na wa kunyamaza.

Binti alipoona nimelainika akaendelea. Panya hawana zamu hii, iliyo katikati ya damu ya kiinitete cha wiki za mwanzo na ile ya ukubwani; sokwe na nyani wanayo kama sisi. Zamani mno, kabla hajawapo mtu wa kuitwa mtu, jeni moja ilijinakili kwa bahati, na nakala ya ziada ikaja kupata kazi tumboni. Mpaka leo haifutwi. Imelala ndani yetu sote, na kipo kidonge kinachoweza kuiamsha kidogo. Mtoto wetu angekianza. Halafu akasema mwili unapotengeneza himoglobini, jeni yenyewe haiguswi. Inatolewa nakala, vitabu vinaiita RNA, na nakala hiyo ndiyo inayokatwa, visivyotakiwa vikatupwa, vilivyobaki vikaungwa, ndipo itumike.

"Kama mie," wifi alisema, mara ya kwanza tangu tuingie. "Pateni ya gauni siikati. Naichora kwenye gazeti, nakata gazeti."

Binti akamwambia ni hivyohivyo. Miaka thelathini na moja sikuwahi kupata mfano mzuri kama ule.

Nilipima damu yangu siku hiyohiyo. Ile herufi ninayo, nimeibeba tangu kuzaliwa bila kuumwa. Jumapili nilimwita mdogo wangu kutoka Mtwara, nikawakalisha wote kwenye mkeka uleule, nikawaeleza kuanzia damu ya tumboni mpaka karatasi yangu ya majibu. Mama alisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akauliza jambo moja tu: kama hakukosa, kwa nini alikiri? Mdogo wangu alikuwa ameinama, analia.

Tulikwenda Segerea, mie, mama na mdogo wangu. Wifi alikuwa sakafuni anakata gazeti, mtoto amelala pembeni. Tuliomba radhi, mama wa kwanza. Nami nikamuuliza swali la mama.

"Wifi," alinijibu, "siku ile mngesema dawa inataka nikiri nimeua mtu, ningekiri."

Aliendelea kukata. Kisha akauliza kama ni kweli ile damu ya tumboni ndiyo iliyokuwa inamkinga mtoto. Nikamwambia ndiyo.

"Basi nilimkinga miezi mitano," alisema.

Damu ile ni ya mtoto mwenyewe, aliitengeneza mwenyewe. Kwenye mtihani ningemchora mkasi mwekundu, alama ya kosa. Nilipiga magoti, nikamshikia ncha ya gazeti ili akate vizuri.