Hainuki Mtu Bila Neno

Saluni ya msusi huyu ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: huinuki kitini bila kutoa neno. Asubuhi alitangaza mlio, tuseme -ele, na kila aliyeketi alisaka neno linaloishia hivyo huku kichwa kikivutwa. Mmoja alitoa "kelele", mwingine "tele", na mwalimu wa hesabu, mtu mzima na heshima zake, alitoa "upele", watu wakacheka mpaka machanuo yakaanguka.

Msusi aliyapokea yote. Nyimbo za sherehe za mtaa mzima zilikuwa zake, naye alizitunga kinyumenyume: vina kwanza, habari baadaye. "Shika mkia," alizoea kusema, "ng'ombe atakuja mwenyewe." Watunzi wengine walimcheka. Wacheke tu, maana aliyekuwa akiitwa kuimba ni yeye, si wao.

Sasa shangazi yake alikuwa anastaafu kazi ya kufua mashuka hospitalini, na wimbo wa kumuaga haukuwa na mtunzi mwingine. Shangazi huyo ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alimlea kwa mkono mgumu na moyo mpana, ila jambo moja alilikataa katakata: kuitwa mama. "Mama yako ni mmoja, na alikuwa rafiki yangu," alisema. "Simnyang'anyi marehemu jina." Msusi akakua na neno limemkaa kooni. Kesho, kwenye sherehe ya kumuaga, alitaka kulitamka mbele ya watu. Lakini alimjua shangazi: akiudhika ataondoka ukumbini, na keki ataiacha mezani.

Kwa hiyo shangazi alipokuja kusukwa, mlio wa siku hiyo ulikuwa -ama.

"Nisomee huo wimbo," shangazi aliamuru kabla hata hajakaa vizuri.

Msusi akachambua nywele, akasoma ubeti wa mwisho kwa sauti isiyo na wasiwasi hata chembe:

"Sikufika kwa mwaliko, ni mtoto wa kuhama,
Ukanipa matandiko, nikalala kwa salama,
Kwa maneno na kwa mwiko, nikafunzwa kusimama..."

"Mwiko?" Shangazi aligeuka, nywele zikamponyoka msusi. "Nilikupiga mwiko mara moja tu!"

"Kina kimedai, shangazi."

"Basi sema mara moja."

"Haiingii kwenye mizani."

"Ndiyo maana washairi hawaaminiki." Akageukia kioo. "Mstari wa nne uko wapi?"

"Haujakamilika. Unaanza, 'Leo kwenye kusanyiko.' Mwisho nataka neno lako. Sheria unaijua."

Shangazi akatoa "lawama". Msusi akakataa. Akatoa "gharama", ikakataliwa. Akatoa "nyama".

"Nyama, shangazi? Nakuaga au nakuchinja?"

Mteja aliyekuwa chini ya kikaushio alicheka peke yake. Shangazi hakucheka. Hakuwa mjinga, alishaliona neno lililobaki, naye alikuwa analizunguka kama mtu anayekwepa dimbwi. Vidole vya msusi viliendelea kusuka.

"Na aliyekuzaa," shangazi aliuliza hatimaye, sauti imeshuka, "humo ndani yumo?"

"Ubeti wa kwanza wote ni wake. Nimemtaja kwa jina."

"Umemtaja vizuri?"

"Kwa vina nilivyovitafuta mwaka mzima. Hakuna atakayemsahau, shangazi. Wewe ndiye uliyenifundisha nisimsahau."

Shangazi akafuta jicho kwa ncha ya taulo, akasingizia mafuta ya nywele, na msusi akamwachia uongo wake.

"Haya, liweke," alisema. "Ila nisilisikie mara ya kwanza kesho, mbele ya wafuaji wenzangu. Watanicheka nikilia. Liseme sasa hivi."

Msusi, ambaye maneno hayajawahi kumpiga chenga, aliweka chanuo chini. Akamshika mabega kwa mikono yote miwili.

"Mama," alisema, "inamisha kichwa, sijamaliza kisogoni."

Na shangazi akainamisha.