Chungu Kilipofurika kwa Mama Selvi

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maziwa, kwetu Sumbawanga kulikuwa na jambo moja ambalo hata mlevi hakulifanyia mzaha: maziwa hayaachwi yakamwagikia motoni. Yakiungua kwenye majivu, kiwele cha ng'ombe aliyeyatoa kinakauka. Bibi alinifundisha hivyo kabla sijajua kufunga khanga. Na ng'ombe wetu alikuwa mmoja tu, Kahawia, naye ndiye aliyemlea mdogo wangu Deo, maana mama alifariki siku alipomzaa.

Miaka ile serikali ilikuwa imefungulia biashara ya watu binafsi. Wenye uwezo walileta mashine za kusaga, na mashine moja ikaja na fundi wake Mhindi pamoja na mkewe, Mama Selvi. Maziwa aliyobakiza Deo nilimpelekea yeye kila asubuhi.

Asubuhi moja ya Januari nikamkuta uani, amewasha kuni kwenye mafiga, amebandika chungu kipya alichokifunga mzizi wa manjano shingoni.

"Kaa, Yusta. Leo kwetu sikukuu ya mavuno."

"Mavuno gani, mama? Mahindi bado yako magotini."

"Kwetu wanavuna shambani. Mimi nimevuna dukani," akasema, akanionyesha mchele, choroko zilizokobolewa, sukari guru, samli na korosho.

Akamimina maziwa ya Kahawia chunguni. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye sukari guru, mpaka niliposikia chungu kinanguruma.

"Mama, yanapanda."

Hakusogea. Nikanyoosha mkono nivute kuni, akanishika, taratibu, kama anayemzuia mtoto asiungue.

"Acha, mwanangu. Leo lazima yamwagike. Yasipomwagika, mwaka unakuwa mbaya."

"Kwetu yakimwagika, ng'ombe anakauka."

"Hapana. Ni baraka hii. Tazama."

Nikatazama. Ningefanya nini? Povu likavuka mdomo wa chungu, likateremka, likachoma makaa. Mama Selvi akapiga vigelegele peke yake, machozi yanamtoka kwa kuwakumbuka ndugu zake. Na mimi nililia. Akadhani tunalilia kitu kimoja.

Mchele na choroko vikaiva pamoja, sukari guru ikayeyukia humo, akamalizia kwa korosho alizokaanga kwenye samli. Akanipa bakuli nipeleke nyumbani.

Bibi alionja. "Huyu mwanamke anajua kupika." Nikamweleza yaliyotokea. Akaweka kijiko chini. Hakunigombeza. Alikwenda zizini, akamshika Kahawia mgongoni, akasimama hapo mpaka jua likawa kali.

Haukupita muda kiwele kikanywea, kisha Kahawia akalala na hakuinuka tena. Bwana mifugo akasema ni kupe. Josho la kuogeshea ng'ombe lilikuwa tupu tangu tulipoambiwa kila mtu ajinunulie dawa. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kupe walikuwepo siku zote," akasema.

Deo akabaki na uji mwepesi. Alikuwa akiukataa, anageuza uso, analia hadi sauti inakatika, na Bibi anambembeleza kwa jina la ng'ombe. Mama Selvi alituletea maziwa ya kopo kila alipoyapata. Bibi aliyapokea kwa mikono miwili, wala hakumlaumu kwa chungu kile. Deo alikonda, akanusurika, ila mwili wake haukurudi sawasawa.

Leo nina wajukuu, na nadhani bwana mifugo alisema kweli. Lakini nikibandika maziwa siondoki jikoni. Yakianza kupanda, mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye kuni, na kila mara nahisi kuna mtu ameushika, kwa upole, ananiambia nitazame.