Miaka Yangu ya Kuwa Macho ya Maalim

Kutoka Ujiji mpaka Maskati nilitumia siku tisa. Treni ya Kigoma ilikwama Tabora kwa mvua, Dar es Salaam nikasubiri viza nyumbani kwa shangazi, kisha ndege ikanishusha asubuhi moja kwenye joto lililonifanya nidhani injini yake bado inanipulizia. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na cheti cha kidato cha nne. Nilikwisha kufanya kazi Bujumbura, Lubumbashi na Mombasa, bila kukaa popote zaidi ya mwaka. Maskati nilikaa kumi na moja. Nawasimulia ninyi vijana mnaohariri filamu kwenye simu, mnaodhani kukata ni kubonyeza tu.

Ofisi ilikuwa mtaa wa Hamriya, ghorofa ya pili, juu ya mafundi wa kushona kanzu. Mwenyewe tulimwita Maalim, mzaliwa wa Unguja aliyeletwa Oman na wazazi wake akiwa mdogo. Alinunua filamu za zamani za Ulaya zilizosahaulika hata huko kwao, akazisafisha na kuziuza kwa vituo vya televisheni ya satelaiti. Nyingi zilikuwa za safari za angani: roketi za bati, sayari za karatasi zilizomulikwa taa nyekundu, na wanawake wa nyota za mbali ambao kila baada ya dakika kumi walivua nguo bila sababu.

Siku ya kwanza nilimkuta amekaa mbele ya kibao cha vitufe vya kompyuta, uso ukutani, mgongo kwenye skrini.

"Mjiji," akaniambia, "mie macho yangu siyachafui. Wewe utazame, mie ntakata. Likianza jambo sema 'sasa'. Likisha sema 'basi'."

"Na dhambi je, Maalim?"

"Umekuja kufanya kazi au kuuliza mas'ala? Kaa."

Nikakaa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Filamu moja ilikuja kwa matoleo mawili au matatu. Watengenezaji walipiga tukio lile lile mara mbili, mara moja watu wamevaa, kwa ajili ya nchi kali, na mara ya pili hawakuvaa. Toleo la Italia lilikuwa refu, la Ujerumani lilikuwa na mwisho wake, na katika la Ufaransa mtu alichomeka vipande vya filamu nyingine kabisa, ukaona mwanamke anatoka mlangoni na nywele nyeusi, anaingia chumba cha pili na nyekundu. Niliyapanga matoleo yote sambamba, nikatafuta vipande vya waliovaa na kuvipachika. Hiyo tuliita kuvisha. Pasipokuwa na cha kuvisha, tulikata. Lakini ukikata, muziki unaruka na mtazamaji anashtuka, kwa hiyo juu ya kovu tuliweka mngurumo wa roketi au upepo. Hiyo tuliita kufukia.

Maalim alikuwa na sikio la ajabu. "Umechelewa," angesema bila kugeuka. "Nimesikia pumzi."

Mwaka wa pili nilikuwa nikiitazama miili kama mchinjaji anavyotazama nyama, nikitafuta kiungo cha kupitishia kisu. Siku moja, katika toleo refu la Italia, nikamwona mwigizaji anatazama pembeni ya kamera, si kwa mwenzake, na midomo yake inamwomba mtu fulani aache. Hawakuacha, na wakakiuza kipande hicho. Nikasema "sasa" kwa sauti kubwa mno.

"Una nini?" Maalim akauliza.

"Hamna kitu. Kata."

Chumba cha pili alikaa mpwa wake, Salha, aliyekuja kila siku kutoka mtaa wa Ansab. Alikuwa ameachika, wa rika langu, na kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya Kiarabu chini ya picha. Alipewa toleo safi tu, na Maalim alinikataza kumwambia kilichotolewa.

"Kaka Hamisi, hebu njoo. Huyu analia nini? Sasa hivi si alikuwa akicheka?"

"Amepata habari kaka yake amepotea."

"Kaka yupi tena?"

"Yule aliyebaki sayari ya kwanza."

"Mh! Na huko nyotani nako ndugu wanapoteana?" Akacheka, akaandika.

Basi kila penye pengo nilimtungia. Filamu moja ilijaa mapengo hivi kwamba sisi wawili tuliifanya hadithi nzima ya dada anayemtafuta kaka yake toka nyota hadi nyota. Alipofika mwisho Salha alilia, akajifuta kwa ncha ya mtandio. Hapo ndipo nilipompenda.

Nilichelewa miaka mitatu kusema. Hatimaye nikamtuma mzee mmoja wa kwetu akapose. Maalim alimkirimu kwa kahawa na halua, akamsindikiza mpaka chini. Kesho yake aliniita, na kwa mara ya kwanza akakigeuza kiti kunitazama.

"Dini unayo, Mjiji. Adabu unayo. Lakini macho yako nayajua."

"Kazi hii umenipa wewe, Maalim."

"Ndo maana nayajua. Mie ndo niliyeyaajiri."

Sikumbembeleza. Mwanamke aliyekwisha kuolewa ana kauli yake, nikaenda kwa Salha nikitumaini atanisemea. Nikakuta mjomba amekwisha kumweleza yote.

"Yule dada," akaniuliza, "alikuwa akimtafuta kaka yake kweli?"

"Dada gani?"

"Usinifanye mtoto. Yule niliyemlilia."

"Hapana."

"Akimtafuta nani?"

"Hakumtafuta mtu. Alikuja mwanamume, akafanya alilolitaka, akaondoka. Ndipo akalia."

Cherehani za chini zilikuwa zikinguruma.

"Macho ningekusamehe," akasema. "Mjomba ndiye aliyekutia humo. Lakini mie nimekaa hapa miaka yote naandika uwongo, na jina langu lipo mwisho wa kila filamu. Ungesema tu 'siwezi kukwambia', ningeacha mstari mtupu."

Nimeitafakari kauli hiyo katika miji mingine niliyopita tangu hapo. Sifa ya fundi wa kazi yetu ni kiungo chake kisionekane, na mimi nilisifiwa sana. Hakuna aliyenifunza kwamba kuna mahali kovu linapaswa kubaki wazi.

Baada ya hapo niliacha kazi, na siku ya kuondoka Maskati nilipita ofisini kurudisha ufunguo. Maalim alikuwa msikitini kwa sala ya alasiri. Salha alikuwa amekaa kwenye kiti changu, mbele ya toleo refu la filamu yetu ya yule dada, daftari mapajani, akifuta na kuandika upya. Hakugeuza macho.

"Mjomba anajua?" nikamwuliza.

"Atajua. Funga mlango, Kaka Hamisi. Nataka kusikia yule dada anachosema."

Nikaufunga, nikiwa upande wa nje.