Mawe Meupe kwenye Kona ya Mchanga

Mwaka wa kwanza wa mashindano ya pikipiki, kona ile haikuwa na mchanga wala mpaka. Ilikuwa barabara ya vumbi tu, upande wa Likombe, imenyooka kiasi cha kumpandisha mtu kichaa, halafu inakata kushoto ghafla, na mbele kuna mikorosho. Mwalimu mmoja alishindwa kukata kona, akajipiga kwenye shina, akavunjika mtulinga, mfupa wa begani. Hakuwa mtu wa mbio. Hakuna aliyekuwa mtu wa mbio pale. Walikuwa walimu, mabwana shamba na fundi cherehani mmoja, na pikipiki zao siku nyingine zote zilibeba miche na magunia.

Mchumba wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa bwana shamba wa mikorosho, anazunguka mpaka Nanyamba kuwaambia watu wasikate mkorosho unaozaa. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali pale mjini. Kwetu Mikindani posa ilikuwa imeshajibiwa, na mama yake alikuwa ameanza kuniita mwanangu hata mbele ya watu. Kila Jumapili mchumba wangu alikuja kututembelea na vumbi la barabara nzima kichwani, nami nikimwambia aoge kwanza ndipo tusalimiane.

Baada ya ajali ya mwalimu, mchumba wangu ndiye aliyekwenda kwa mwenye mikorosho, bibi mmoja wa Kimakonde, kumwomba akate mitatu iliyokuwa mbele ya kona. Nilikwenda naye. Bibi alimtazama juu mpaka chini.

"We bwana shamba, juzi umenambia nisikate mkolosho. Leo unataka nikate. Unaumwa?"

"Siumwi, bibi. Mwaka huu kavunjika mtu. Mwakani atakufa mtu."

Bibi alikubali, kwa sababu aliyeomba ni bwana shamba wake. Mikorosho mitatu ikaanguka, visiki vikang'olewa, na eneo lote likalimwa kwa majembe, mchanga ukawa laini, mguu unazama mpaka kifundoni. Mchumba wangu alinieleza maana yake kwa subira, maana mimi mambo ya mitambo sikuyajua. Mtu akishindwa kona asikatishwe na kitu. Aachwe aende. Mchanga utamshika polepole, pikipiki italala yenyewe, naye atainuka ajifute. Bibi alipewa miche mipya tisa, na mchumba wangu mwenyewe aliipanda siku mbili, shati limemganda mgongoni.

Mwaka wa pili wajanja walishajua. Watazamaji walikuwa wamepita pale mwaka mzima wakikatiza kwenda shambani, na ukingo wa mchanga ukashindiliwa ukawa mgumu. Mtu akifika kwenye kona hakupunguza mwendo tena. Alitanua, akapita nje juu ya mchanga ulioshindiliwa, akarudi barabarani mbele ya wenzake waliokata kona kihalali. Kamati ikapiga mstari wa chokaa na kuweka kanuni: magurudumu yote mawili yakivuka mstari, mwendeshaji anaongezewa sekunde kumi. Wakatafuta mtu wa kusimama pale na bendera na karatasi. Wakanichagua mimi, na ninajua kwa nini. Mimi sikuwa mtu wa kubembelezwa. Ofisini, mkubwa akikosea tarehe ya barua, nilimrudishia.

Niliinua bendera mara nyingi siku ile, na mara moja niliinua kwa ajili yake. Alikuwa anaongoza. Zile sekunde kumi zilimshusha mpaka nafasi ya tatu. Watu wakanicheka kweli kweli, wanawake wakasema huyu ataolewa na chokaa. Yeye alikuja na miwani yake ya vumbi mkononi, akasema, "Bibie, umeona sawa. Nilivuka." Nilifurahi mpaka nikaona haya. Nilijiona nimepata mume ambaye tutaishi bila kudanganyana.

Lakini waliobaki hawakuwa kama yeye. Pikipiki tano zikishapita, mstari ulifutika, na kila niliyemwandika alisema sikuona, vumbi lilikuwa jingi, nampendelea mchumba wangu. Hilo la kupendelea ndilo lililonipandisha mori. Katika kikao cha mwaka wa tatu nilisimama mbele ya wanaume wote nikasema chokaa peke yake haitoshi. Pale mjini, njia ya kila ofisi imepangwa mawe pembeni na kupakwa chokaa, na hakuna anayepita nje ya mawe, hata walevi. Tupange mawe. Mawe hayafutiki, na hayampendelei mtu.

Walipiga makofi. Mwenyekiti alisema laiti wanaume wa kamati wangekuwa na akili ya binti huyu. Mchumba wangu peke yake ndiye aliyeuliza.

"Na aliyeshindwa kusimama?"

"Asimame," nikamjibu. "Apunguze mwendo kabla, kama watu wengine."

Watu wakacheka. Alinitazama, akafungua mdomo, kisha akanyamaza. Nimeufikiria ule ukimya miaka yote hii. Kama angeendelea kubisha, wangesema anatafuta njia ya kuvuka, na mimi ningesema vilevile. Alijua hivyo. Aliuacha mkono wake mezani, akaitikia kwa kichwa pamoja na wengine.

Mawe ya matumbawe yaliletwa na lori, kila moja ukubwa wa chungu cha wali. Niliyapanga mimi na vibarua wawili, nikanyoosha kwa kamba kama njia ya ofisi, nikayapaka chokaa mara mbili. Kona ilipendeza. Sioni haya kusema kwamba nilisimama nikaitazama na kujisifu. Mchanga wa bibi ulikuwa nyuma yake, umelimwa upya, laini, na hakuna ambaye angeweza kuufikia.

Siku ya mashindano ilikuwa shwari na wala hakukuwa na vumbi la kunizuia, kwa hiyo niliona kila kitu. Fundi cherehani alikuwa mbele. Alipofika kwenye kona alikata kwa nguvu, asiguse mawe, gurudumu la nyuma likamponyoka, akaanguka katikati ya barabara, pikipiki huku, yeye kule. Mchumba wangu alikuwa nyuma yake, karibu sana. Kushoto kulikuwa na pikipiki, katikati kulikuwa na mtu. Akaelekea kulia, upande wa mchanga. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kwenda, ndipo alipopaomba yeye mwenyewe kwa bibi.

Gurudumu la mbele lilipiga jiwe, naye akaruka juu ya usukani akaangukia upande wa pili. Pikipiki ikamfuata juu yake.

Na mimi niliinua bendera. Sikukimbia kwanza. Mkono uliinuka wenyewe, kama ulivyozoea, ukakaa juu, na mlinzi wa kona ya pili akaniitikia kwa yake. Ndipo miguu ikanikumbuka.

Hospitali walimfunga kifua na kichwa, wakatuambia tusubiri. Mama yake alikaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili, karatasi ya mashindano bado iko mkononi mwangu, maana sikuwa nimeikabidhi kwa mtu. Alasiri alifumbua macho. Alizungumza vizuri, taratibu, hata tukapeana matumaini kwa macho, mimi na mama.

"Fundi vipi?"

"Mzima. Kachubuka tu."

"Nilivuka?"

Mama yake alinitazama. Nilikuwa nimechoka, na ndani yangu nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Nilikuwa nimeona alivyomkwepa mtu. Ningeweza kumwambia hapana, au kumwambia mawe yalikuwa yangu. Ningeweza kumshika mkono nikanyamaza. Nilijibu nilivyozoea kujibu.

"Ulivuka. Magurudumu yote mawili."

Alitabasamu kidogo, upande mmoja tu, upande ambao haukufungwa.

"Basi andika, bibie."

Akafumba macho. Nikadhani amelala. Mama akaniambia nipumzike, atakaa yeye. Nikaona nikifanya haraka nitawakuta kamati bado wako kwenye meza ya matokeo, maana waendeshaji walikuwa wanangoja. Niliandika namba yake, nikaandika sekunde kumi, nikatia sahihi, nikaenda kwa miguu mpaka kwenye kona nikaikabidhi karatasi mkononi mwa mwenyekiti.

Niliporudi, mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, kanga amejifunika mpaka usoni. Aliniuliza nilikuwa wapi, kwa sababu mwanawe alikuwa ameniita mara mbili kabla hajakata roho.