Siku Prayong Alipopitishwa Pangoni

Kwa miaka ishirini na miwili Prayong alikuwa akiwapitisha watu chini ya jabali. Wageni waliokuja mkoani Trang walioga baharini, wakala nguruwe wa kuchoma asubuhi asubuhi, kisha wakaletwa kijijini kwa Prayong kulala chali ndani ya boti bapa na kupenyezwa kwenye mto wa pangoni, pale ambapo mwamba unashuka hadi unakaribia ncha ya pua. Watu hupaita tumboni mwa joka. Husemwa kwamba ukitokea upande wa pili, mikosi yako imebaki ndani. Prayong alikuwa ametokea upande wa pili mara nyingi kuliko mtu yeyote, na mikosi yake hakuiona ikipungua.

Asubuhi ile ya Oktoba alikuwa amegema utomvu wa miti ya mpira tangu alfajiri, akarudi kumwogesha mama yake asiyeweza kuinuka kitandani, ndipo akashuka gatini. Bega la kulia lilikuwa likimsumbua tangu mwaka mpya. Daktari alimwambia apumzike. Alimwitikia vizuri tu, kisha akaenda zake kazini.

"Dada Prayong, leo uso umekunjamana kama shuka la gesti," alisema Wirot, mwenzake wa kukaa nyuma ya boti.

"Piga kafi. Mdomo upumzishe."

Walipewa abiria watatu: Urai, mama mnene wa miaka sitini na kitu aliyeuza mikate ya mvuke sokoni mjini Nakhon, pamoja na binti yake na mkwewe. Mkwe alikuwa amefumba macho hata kabla ya kuingia pangoni.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani na maji yamepanda kidogo. Walipofika penye paa la chini, wote walilala, Prayong naye akalala mbele, kichwa chake karibu na miguu ya Urai. Humo kafi halina kazi. Boti huendeshwa kwa kusukuma mwamba kwa viganja. Kwenye kona ya pili aliinua mkono wa kulia ageuze boti. Mkono haukufika. Ncha ya mbele ya boti ikakwaruza jiwe, ikajichomeka kwenye ufa, ikatulia.

"Kulikoni huko mbele?" Wirot aliuliza.

"Ngoja."

Alijaribu tena. Mkono ukamwangukia kifuani kama wa mtu mwingine. Alisikia pumzi zake zikimrudia kutoka kwenye jiwe, na yeye aliyewaambia maelfu ya watu wasiogope, akaogopa.

"Mdogo wangu," Urai aliita taratibu, "mkono umegoma?"

"Samahani, dada."

"Samahani ya nini? Niambie nisukume wapi."

"Rudisha nyuma kwanza. Halafu kushoto. Tumia viganja, vidole vitachunika."

"Mimi nimekanda unga miaka arobaini. Hili nalo ni donge tu."

"Mama, usitutikise!" mkwe alilia.

"Wewe sali, baba. Na usisahau kututaja."

Boti ikanasuka. Urai aliushika mwamba, akausukuma, akaushika tena, akihema na kucheka, huku Wirot akisaidia kutoka nyuma. Prayong akabaki amelala, taa ya kofia yake ikimulika juu. Paa lile alilijua lote kama kazi: hapa sukuma, hapa inamisha kichwa. Sasa lilimpita lenyewe, na michirizi yake myeupe na ya kahawia, polepole, bila kumdai kitu. Machozi yalimtiririka hadi masikioni. Hakuyafuta.

Walipotoka kwenye mwanga, viganja vya Urai vilikuwa na tope na damu kidogo. Alivisuuza mtoni, akafungua mfuko wake.

"Nyumbani una mtu wa kukukanda hilo bega?"

"Nina mama. Na yeye ananisubiri nikamkande."

Urai alimpa mikate miwili, Prayong akaila yote miwili palepale, mbele ya wageni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Gatini alimwendea msimamizi. "Mimi napumzika."

"Mpaka lini? Jumamosi tuna mabasi sita!"

"Sijui mpaka lini."

Alitundika jaketi lake la kuelea, akaondoka. Hakurudi tena kwenye boti. Baada ya mwaka mpya walimpa kazi ya kugawa kofia mlangoni, na bega likaendelea kuuma kila siku ya mvua.

Lakini mchana ule alipoingia nyumbani, mama yake aligeuza shingo kwa mshangao. "Mbona mapema? Kuna nini?"

"Nimechoka, mama."

Hakuwahi kumwambia hivyo. Yule bibi akashika ukingo wa kitanda, akajivuta kidogo, akapumua, akajivuta tena, mpaka pakapatikana nafasi ya mtu mmoja mwembamba.

"Lala basi," alisema.

Prayong akalala, hata miguu hakuosha.