Siku Niliyomtangaza Mzee Kastori

Naona haya kuisimulia hii, lakini kwa kuwa Mjimwema nzima wanaisimulia tayari, na wanaisimulia vibaya, afadhali niiseme mwenyewe.

Mimi ndiye mkubwa kwetu. Wazazi walipofariki niliacha shule, nikalima, nikawalea wadogo zangu wawili. Kikundi chetu cha wakulima wa mahindi kiliponipa kazi ya kutunza kumbukumbu kwa majaribio, wengine walinong'ona (si kwa sauti ndogo sana) kwamba aliyeishia darasa la tano ataiwezaje tableti. Kuthibitishwa kuwa katibu kulingoja mkutano wa mavuno, nami niliutaka ukatibu ule kama nilivyowahi kutaka vitu vichache sana.

Tableti ina programu ya kutafutia taarifa: unaandika jina la kikundi, jedwali la wanachama linakuja, ukigusa kichwa cha safu linajipanga. Asubuhi ya mkutano huo mdogo wangu Blandina, wa kidato cha nne, aliniambia, "Dada, kabla hujapanga, iambie kwanza kwamba safu ya magunia ni ya namba. La sivyo itayapanga kama maneno." Nikamjibu kwamba nimeshapanga sana, anipishe nivae.

Sasa, kwetu magunia ya mtu hayatajwi mbele za watu. Yanasomwa majina tu, kuanzia aliyevuna mengi. Na kwa kuwa jirani yangu kwenye benchi ana shingo ndefu, nilikata kipande cha boksi nikaiziba safu ya magunia, nikagusa kichwa chake, wenye mengi juu wenye machache chini, nikasimama na kusoma majina arobaini kwa sauti ya katibu.

"Wa kwanza, Mzee Kastori!"

Makofi ya adabu. Mzee Kastori alinyanyuka taratibu, akavua kofia, akasema, "Nashukuru kwamba mmeona." Hakusema tumeona nini. Mama Haule, ambaye mahindi yake hubebwa na lori, nilimsoma wa thelathini na tano. Alikunja mikono, akatazama paa.

Desturi yetu ni kwamba shamba la wa kwanza linatembelewa siku hiyohiyo, wote wakajifunze. Tukaenda kwa miguu, kikundi kizima pamoja na bwana shamba (mgeni kutoka Moshi, ana daftari jipya), na Mzee akamtuma binti yake mbele akachemshe viazi.

Shamba lilikuwa safi, matuta yamenyooka. Pia lilikuwa limeisha. Bwana shamba alifika kwenye uzio wa jirani kabla hajafungua daftari, akageuka.

"Mzee, na lingine liko wapi?"

"Lingine lipi?"

Watu wote wakanitazama. Nikaliondoa boksi kwenye tableti. Juu kabisa ilikaa 9, chini yake 87, halafu 76, na huko chini 142 ya Mama Haule ikipakana na 13. Mashine ilitazama tarakimu ya mwanzo tu, kama mtu anayepanga majina kwa herufi ya kwanza, na tisa ikaishinda moja.

Ningeweza kusema tableti imeharibika. Niliwaza hivyo kwa muda wa kumeza mate.

"Mashine haina kosa," nikasema. "Nilielekezwa nyumbani, nikakataa kusikia."

Nikaiambia ni namba, nikapanga upya, nikamtaja Mama Haule.

"Kumbe!" akasema. "Mimi nilikuwa najitoa kwenye kikundi, mwanangu. Hata maneno nimeshayatunga njiani."

Mzee Kastori alikohoa. "Kwa hiyo mimi ni wa ngapi?"

"Wa arobaini, Mzee."

"Kati ya wangapi?"

"Arobaini."

Akafikiri. "Basi karibuni viazi. Hata vya wa arobaini vinapoa."

Mwenyekiti aliitisha kura ya ukatibu palepale, watu midomo imejaa. Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Mama Haule. Mikono ikafuata mmojammoja, bila haraka, nami nikiihesabu kwa macho, na wa Mzee Kastori ukaja mwishoni kabisa. Alisema hiyo ndiyo nafasi yake, amesikia kwa masikio yake.

Lile boksi nililichoma jikoni. Siku hizi sisomi jina la mtu kabla sijaona namba yake, na jirani mwenye shingo ndefu nimemhamishia benchi la nyuma.